Kichwa cha Kabati

Katika raga kuna watu wanaokimbia na mpira na kuna watu wanaosukuma. Wanaokimbia hupigwa picha. Wanaosukuma huinama, wanane kwa wanane, bega kwa bega, wakagongana na wenzao kwa kishindo ambacho mtazamaji mgeni hudhani ni lori limeingia ukutani. Wenyewe wanaita skramu, na wanashikilia kwamba ni ufundi. Kabati alisukuma kwa misimu kumi na minane, safu ya mbele kabisa. Picha yake ilitoka gazetini mara moja tu, na ilikuwa ya makalio.

Jina hilo alilipata siku ya kwanza ya mazoezi, akiwa na miaka ishirini, pale alipoingia chumba cha kubadilishia nguo kwa ubavu kwa sababu kwa mbele hakuenea mlangoni. "Nani kaagiza kabati?" aliuliza kocha wa wakati huo, na tangu saa ile jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti. Alikuwa fundi bomba wa idara ya maji, na timu ilikuwa ya idara. Kwa kuwa idara ilikuwa na wachimba mitaro wengi kuliko wakimbiaji, timu ilisifika kwa kusukuma. Ilisukuma hata pale ambapo ingetosha kupasi. Kabati alikuwa kapteni wake kwa misimu tisa. Shati lenye kola ya kumtosha lilikuwa na mikono ya kumfika magotini, kwa hiyo mkewe alimnunulia mashati ya mikono mifupi na mjadala ukaishia hapo.

Alipotimiza miaka thelathini na minane magoti yake yalijiuzulu bila notisi, naye akawa kocha. Alikuwa kocha mzuri, jambo lililowashangaza waliodhani kwamba mtu aliyetumia nusu ya ujana wake akitazama majani hawezi kuwa ameona mchezo. Hakupiga kelele. Hotuba yake ya mapumziko haikuzidi sentensi saba, ya mwisho ikiwa ni "Kunyweni maji." Katika miaka minane aliitoa timu daraja la pili akaipandisha la kwanza, na ikakaa huko, mahali ambapo wengi walisema ingetembelea tu.

Kisha akaanza kusahau.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha. Alipeleka orodha ya wachezaji kwa mwamuzi ikiwa na mtu mmoja katika nafasi mbili. "Kocha," mwamuzi alimuuliza, "huyu kijana wako atasukuma mbele na nyuma kwa wakati mmoja?" Watu wakacheka, Kabati naye akacheka. Baadaye, katika mechi ngumu, alitoa hotuba yake ya mapumziko, sentensi zote saba, akanyamaza kidogo, kisha akaitoa tena tangu mwanzo. Wachezaji walidhani ni mkakati mpya. Wakanywa maji mara mbili, wakatoka, wakashinda. Ushindi ule ulimtia hofu kuliko kipigo chochote alichowahi kupata.

Huko kazini alifunga vali ya mtaa mmoja ili abadilishe kiungo cha bomba, akaketi ndani ya gari apumzike dakika tano, usingizi ukamchukua. Alipoamka hakukumbuka amefunga vali ipi. Nyumba arobaini na kinyozi mmoja walikaa bila maji mpaka jioni, na kinyozi alikuwa na mteja mwenye povu kichwani.

Mtu mwingine angesema ni uzee umeanza kubisha hodi, akaenda zake. Kabati hakuweza, kwa sababu ya Kijiko.

Kijiko walicheza naye miaka kumi na mmoja. Alikuwa mwembamba, mwenye kichwa kikubwa, na alipenda kukitumia kichwa hicho kusimamisha watu waliokuwa wakikimbia kwa kasi. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa na aliishi kwa dada yake. Mara ya mwisho Kabati kumtembelea, Kijiko alimuuliza mara tatu kama amekuja kwa ajili ya bomba la jikoni.

"Usijali, kaka," dada mtu alisema. "Leo ni siku nzuri. Jana aliniita mimi Kocha."

Kabati alikwenda jikoni akalifungua bomba, akalifunga. Halikuwa na kasoro. Alilitengeneza hata hivyo.

Kwa hiyo aliporudia ile hotuba aliona mwisho wa safari yake, au alidhani anauona. Hakumwambia mtu. Alinunua daftari dogo lenye jalada gumu, akawa anaandika kila kitu ndani yake, na kwa miezi mitano aliishi kwa kuchungulia.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyeweza kuona maandishi bila kutafuta kalamu nyekundu. Alilikuta daftari mfukoni mwa koti siku ya kufua. Kabati aliporudi alimkuta ameketi mezani, daftari liko wazi mbele yake, na kalamu iko tayari.

"Kaa," alisema.

Kabati akakaa.

"Ukurasa wa nne. 'Vali ya barabara ya shule, kushoto mwa nguzo.' Sawa. 'Simu ya mwamuzi.' Sawa. Halafu hapa: 'Mama Pacha, mke wangu.' Halafu: 'Pampu ya akiba, ufunguo uko kwa mlinzi.'" Alivua miwani. "Baba Pacha, umeniweka kati ya mwamuzi na pampu."

"Sikuangalia mpangilio."

"Nimeona. Ni tahadhari ya nini? Kwamba siku moja utaamka uulize huyu mama anatafuta nini jikoni kwako?"

Alikuwa amekusudia mzaha. Lakini Kabati alikuwa anatazama mikono yake mezani kama vifaa alivyoazimwa na mtu. Mama Pacha akaifunika kalamu.

"Tangu lini?"

"Msimu uliopita. Katikati."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Msimu uishe."

"Wewe na msimu!" Alinyanyuka, akaketi tena. "Umemwona Kijiko?"

"Nimemwona."

"Ndiyo maana?"

"Ndiyo maana."

Pacha wenyewe, mabinti wawili wa miaka kumi na sita, walikuwa shule ya bweni, na nyumba ilikuwa na ule utulivu wa nyumba ambayo hakuna anayebishana juu ya chaja.

"Kesho tunakwenda kwa Daktari," alisema Mama Pacha.

"Kesho kuna mazoezi."

"Mazoezi ni jioni. Na usipokwenda nitakuja uwanjani nikukokote mbele ya vijana wako."

"Mimi? Hutaweza."

"Nitawaomba wao wakusukume. Si ndiyo kazi uliyowafundisha?"

Daktari alikuwa daktari wa timu tangu alipomaliza chuo, miaka kumi na tisa iliyopita. Alifika akiwa msichana wa miaka ishirini na sita mwenye koti jeupe lililompwaya na wazo moja jipya: kwamba mchezaji apimwe kichwa kabla ya msimu kuanza. Unasomewa maneno kumi, unayataja unayoyakumbuka. Unataja miezi ya mwaka kinyumenyume. Unasimama kwa mguu mmoja ukiwa umefumba macho. Alama zako zinawekwa kwenye faili. Ukigongwa uwanjani, unapimwa tena, na kama alama zimeshuka, unakaa nje wiki tatu. Lilikuwa wazo zuri, na mafaili yote bado yalikuwepo, yamejaa rafu mbili nyuma ya mizani.

Asubuhi ile alimsomea Kabati maneno kumi taratibu: daraja, sabuni, punda, kioo, ngazi, asali, kofia, jiwe, taa, kamba. Kabati alikumbuka sita. Katika miezi alikwama baada ya Septemba, akatoka jasho, akaipata Agosti. Kwa mguu mmoja alisimama vizuri, ingawa sakafu ililalamika.

Mama Pacha alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba ameukumbatia kama mtu aliye kwenye foleni yenye wezi.

"Sita si nyingi," Daktari alisema. "Lakini sita peke yake haina maana. Tunalinganisha." Alipanda kigoda, akashusha faili lenye vumbi, akalifungua, akasoma. Uso wake ukabadilika. "Haya. Ukiwa na miaka ishirini na saba. Maneno: matatu. Miezi: Novemba mara mbili, Agosti hakuna kabisa. Mguu mmoja…" Akafikiri kidogo. "Ulianguka juu ya mizani yangu. Nakumbuka. Haijasoma vizuri tangu siku hiyo."

Alilifunga faili kwa vidole viwili, kwa furaha.

"Kabati, kama kichwa chako kingekuwa kinabomoka, ungekuwa chini ya hapo. Wewe umepanda. Leo una akili kuliko ulipokuwa kijana. Ni uchovu tu huo. Nenda kapumzike."

Mama Pacha alijifunika uso kwa viganja viwili, na alipovitoa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Kuliko alipokuwa kijana," alirudia. "Hilo hata mimi ningekuambia, Daktari. Alinioa akiwa hivyo." Alisimama, akampa Daktari mkono, akampa tena, akasahau mkoba kitini, akaurudia.

Walitoka nje. Kutoka chumba cha Daktari mpaka getini ni hatua sitini hivi, na Mama Pacha aliongea zote. Alisema daftari lile atalitia kwenye moto. Alisema alikuwa ameshaanza kufikiria kubandika karatasi milangoni: choo, jiko, stoo. Alisema watakula mkate na mayai, wote wawili, na kazini aseme anaumwa tumbo.

Kabati alitembea kando yake akisikiliza, na kila hatua ilimzidi uzito.

Kwani alijua alichokuwa anakijua. Katika misimu ile yote, siku moja kabla ya kupimwa, kapteni aliwakusanya wachezaji katika stoo ya pampu na kuwafundisha kufeli. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Daktari analinganisha alama za mwanzo na za baada ya kugongwa. Basi kama za mwanzo ni mbaya, ukigongwa hazitashuka, na zikiwa hazijashuka unacheza. Maneno kumi, taja manne. Miezi, ruka Agosti. Mguu mmoja, yumba. Walifanya na majaribio, wakisahihishana, wanaume wazima ishirini na wawili wakijitahidi kwa bidii kuonekana wajinga. Kabati, kwa kuwa ndiye aliyelibuni jambo lenyewe, aliona ni wajibu wake kuongoza kwa mfano. Ndiyo maana matatu. Ndiyo maana mizani.

Hilo peke yake angeweza kulimeza akaenda kula mayai. Lakini Kijiko naye alifundishwa na yeye. Kijiko aligongwa mechi moja ya nusu fainali, akanyanyuka akawa anakimbilia upande wa wapinzani. Walipompima alikumbuka maneno manne, na faili lilisema mwanzoni alikuwa na manne. Wiki iliyofuata alicheza. Kabati mwenyewe alimpigapiga mgongoni, akamwambia, "Mzima wewe!"

Walifika getini. Mlinzi akawafungulia. Kabati akasimama.

"Mama Pacha. Lile faili ni la uongo."

"Faili gani?"

"La zamani. Nilifeli makusudi."

Mama Pacha alikuwa amefundisha miaka ishirini na miwili. Alikuwa ameona wanaoibia majibu, wanaoandika kwenye mapaja, wanaojitia kuzimia. Mtu aliyejua jibu akaandika kosa hakuwahi kumwona.

"Ulifeli mtihani. Makusudi."

"Wote tulifeli."

"Kwa nini?"

"Ili tukiumia isijulikane tumeumia."

Alimtazama kwa muda. "Yaani mlikaa kitako, mkajadili, mkapitisha."

"Tulifanya na mazoezi."

"Na aliyekuja na hekima hiyo ni nani?"

"Kapteni."

"Kapteni alikuwa nani?"

Kabati alimtazama mlinzi, ambaye alikuwa ameshika geti wazi na hakuwa na haraka yoyote ya kulifunga.

"Mimi."

Mama Pacha aligeuka, akaanza zile hatua sitini kurudi, na Kabati akamfuata nyuma, shingo upande.

Walimkuta Daktari anafunga mlango aende kula. Alisikiliza amesimama, ufunguo mkononi, na maelezo ya Kabati yalipofika kwenye stoo ya pampu, Daktari alifungua mlango tena akaingia, akaketi.

"Wote?"

"Kumi na watano, na saba wa akiba."

"Kila msimu?"

"Kila msimu."

"Nilikwenda kwenye mkutano wa madaktari," Daktari alisema taratibu. "Watu mia mbili. Nilionyesha mchoro. Nikasema nimegundua kwamba wachezaji wa safu ya mbele huanza msimu wakiwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya wazee wa miaka themanini, na sababu haijulikani. Profesa mmoja alinyoosha mkono akaniuliza kama mnaweza kula wenyewe."

"Samahani, Daktari."

"Nikamjibu kwamba hilo sikulipima."

Mama Pacha alikohoa ndani ya mtandio. Kisha Daktari akaona jambo jingine, na hakuna aliyehitaji kumwuliza ni lipi, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye rafu ya pili, kwenye faili la Kijiko.

"Nilimruhusu acheze," alisema.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," alisema Kabati.

Nje mtu alipita akisukuma toroli lenye gurudumu bovu. Lilipiga kelele mpaka likapotelea mbali.

"Basi tuko wawili," Daktari alisema. "Vua koti. Tunaanza upya, na safari hii nadhani tutaulizana ukweli."

Alimuuliza mambo mengi: kichwa kuuma, macho, hasira, pombe, dawa. Kabati alijibu yote kama mtu aliye mahakamani. Mwishowe Daktari akamgeukia Mama Pacha.

"Analala vipi?"

"Yeye analala. Mimi ndiye silali."

"Anakoroma?"

"Kukoroma nimeshazoea. Anakoroma kama pampu inayovuta hewa. Shida ni anaponyamaza. Ananyamaza kabisa, kimya, kama mtu aliyeondoka. Basi mimi nahesabu. Nikifika ishirini na tano nampiga kiwiko, anashtuka, anavuta pumzi, anaendelea na pampu yake."

Kalamu ya Daktari ilikuwa imesimama. "Mara ngapi?"

"Sijui. Nahesabu sekunde, sihesabu mara."

"Kwa muda gani sasa?"

"Tangu pacha waanze darasa la kwanza."

"Mbona hukuniambia?" Kabati aliuliza.

"Nilikuambia. Ulikuwa umelala."

Daktari alifungua droo akatoa utepe wa kupimia, akauzungusha shingoni mwa Kabati, akausoma, akauzungusha tena kwa kutoamini. "Huu ninapimia matumbo ya wajawazito," alisema. "Wewe kidogo tu uwashinde wa miezi minne." Kisha akawaeleza. Shingo ya namna hii, mtu akilala chali, huikaba njia ya hewa kwa ndani. Pumzi inakatika. Mwili unashtuka, unamwamsha mtu nusu, anavuta hewa, analala, anakabwa tena. Yeye mwenyewe hajui kitu. Anaamini amelala kwa saa nane nzima. Kichwa hakijapumzika hata saa moja, na mchana wake ndio huo: kusinzia garini, kusahau, kurudia maneno.

"Kwa hiyo ni hilo," alisema Mama Pacha haraka.

"Inaweza kuwa hilo. Inaweza kuwa ni migongano ya miaka kumi na minane. Inaweza kuwa vyote. Sitasema tena jambo la kufurahisha leo mpaka nilione kwa macho." Alimwandikia picha ya kichwa katika hospitali kubwa, na akampa kifaa kidogo chenye mkanda wa kifuani na kibanio cha kidole, alale nacho, akirudishe asubuhi. Majibu baada ya siku kumi.

Siku kumi hizo Kabati alizipitisha roho juu. Ili mikono isikae bure, alishughulikia jambo lililokuwa ndani ya uwezo wake. Msimu ulikuwa unakaribia kuanza, na siku moja kabla ya vijana kupimwa, alikwenda mpaka stoo ya pampu na kusimama nyuma ya mlango. Ndani, kapteni wa sasa, kijana mwenye bega la tembo na pengo la meno matatu, alikuwa anafundisha.

"Maneno kumi, mnataja manne. Agosti mnairuka. Na wewe, mwaka jana ulizidisha kuyumba, ukamshika Daktari bega. Yumba kistaarabu."

Kabati akafungua mlango. Hakuna aliyejificha, hapakuwa na nafasi.

"Nani kakufundisha hayo?" alimuuliza kapteni.

"Kapteni aliyepita, kocha."

"Na yeye?"

"Aliyekuwa kabla yake."

"Na wa kwanza kabisa?"

Kapteni alitazama viatu. "Wanasema ni wewe, kocha."

"Kijiko mnamjua?"

Hawakumjua. Basi aliketi juu ya pampu mbovu akawaeleza: nusu fainali, maneno manne, faili, na bomba la jikoni lisilo na kasoro. Alitumia sentensi nyingi kuliko kawaida yake, na alipomaliza akamgeukia kapteni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hii nimeshawaambia?"

"Hapana, kocha. Ndiyo kwanza."

"Basi sikilizeni. Kesho atakayekumbuka chini ya maneno saba, simpangi. Sitaki kujua ni nyota wa nini."

Kesho yake timu ya idara ya maji ilipatwa na akili ya ghafla. Hakuna aliyepata chini ya manane. Mchezaji mmoja wa safu ya pili, aliyekuwa amefeli kwa uaminifu misimu minne, alitaja maneno kumi na mawili, ikabidi akumbushwe kwamba orodha ina kumi. Daktari aliandika alama zote kwa wino, na Kabati alisimama pale mlangoni mpaka wa mwisho.

Siku ya majibu Daktari alikuwa na bahasha mbili mezani. Kabati alishika mikono ya kiti, na kiti kikatoa mlio. Mama Pacha hakuketi.

"Naanza na kichwa," Daktari alisema. "Kuna kovu dogo, la zamani. Ukiwa na miaka kumi na minane ya kazi ile ningeshangaa lisingekuwepo. Ubongo wenyewe haujasinyaa. Nimempelekea picha mtaalamu aliyenifundisha, naye amesema hivyo hivyo. Hakuna hapa kitu cha kukufanya usahau hotuba."

Kabati bado alikuwa amekishika kiti.

"Usingizi sasa. Pumzi inakatika mara arobaini na moja." Akageuza karatasi. "Kwa saa. Ile ndefu kuliko zote ilikuwa sekunde hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili?" alisema Mama Pacha. "Hiyo lazima nilisinzia."

Daktari alieleza tiba. Ni mashine ndogo yenye barakoa, inasukuma hewa ili njia isizibe. Atalala nayo kila siku. Apunguze mwili. Alale kwa ubavu. Baada ya miezi miwili aone kama kichwa hakijarudi. Na kila mwaka atapimwa, maneno kumi, kwa haki.

"Sitakuwa kama Kijiko?" Kabati aliuliza. Lilimtoka polepole, kama kitu kilichokuwa kimekwama bombani.

"Utakavyokuwa ukiwa na miaka sabini sijui. Hata nitakavyokuwa mimi sijui. Ninachojua ni kwamba unachoumwa leo kina dawa, na dawa yenyewe unaichomeka ukutani."

Kabati aliinama, viwiko magotini, akashusha pumzi ndefu sana. Wote wawili, mke na daktari, walimtazama mpaka alipovuta nyingine.

Mashine zilitolewa hospitali kubwa, kwenye stoo ya vifaa, mwisho wa ukumbi wa wagonjwa wa nje, na mtunza stoo alikuwa ametoka. Waliketi kwenye benchi la mbao kumngoja. Mama Pacha alisema wawapigie pacha. Kisha akasema wawaandikie tu. Kisha akasema anafumba macho dakika moja, wasimsemeshe, akaegemea mkono wa mumewe na usingizi ukambeba hapo hapo, mdomo wazi, mkoba ukateleza mpaka sakafuni.

Kabati hakujitikisa. Mtunza stoo alirudi na boksi na fomu. Kabati akaweka kidole mdomoni, na yule bwana, bila kuuliza, akaliweka boksi miguuni pake na kumshikia fomu hewani aitie sahihi kwa mkono wa kushoto. Sahihi ilitoka kama ya mtoto. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Kocha," ilikuwa sauti ya kapteni. "Saa kumi na robo sasa. Umesahau mazoezi?"

"Sijasahau," Kabati alinong'ona. "Saa kumi, uwanja wa chini, skramu kwanza, halafu mbio. Nakumbuka yote. Siji. Anzeni."

"Kocha, kuna nini? Mbona unanong'ona?"

"Anzeni, nimesema."

Ukumbi ulikuwa unaishiwa na watu. Mfagiaji alifika na ndoo na deki yake, akadeki mpaka kwenye benchi, akangoja. Kabati akainua miguu yote miwili juu, polepole, bega likiwa palepale. Mfagiaji akapitisha deki chini yake, akalisogeza boksi, akasoma maandishi ya juu, akamtazama yeye, akamtazama mwanamke aliyelala fofofo.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?" aliuliza.

"Mimi."

"Mbona anayelala ni mama?"

"Yeye ndiye aliyechoka," alisema Kabati. "Ongea polepole."

Mfagiaji aliitikia kwa kichwa, akachukua ndoo yake, akaendelea na upande wa pili.